Msitungoje

Halimah binti Rashid hakuwa mtu wa kubembeleza. Kwenye bucha yake pale Embu mjini, mteja akiuliza kama nyama ni laini, Halimah humjibu kwamba nyama ni nyama, ulaini autafute kwenye sufuria yake mwenyewe. Basi binti yake Aaliyah alipoitwa kwa mahojiano ya kwenda Ujerumani, mwaka mzima wa mafunzo ya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, Halimah hakupiga vigelegele. Alipangusa mikono kwenye aproni, akaisoma barua mara mbili kwenye simu ya binti yake, akasema, "Wiki tatu. Tunaanza leo."

Wakaanza. Kila alasiri wateja wakipungua, Aaliyah alisimama mbele ya kaunta kama mnunuzi, mama yake akasimama upande wa pili na karatasi ya maswali, kisu kando.

"Kwa nini tukuchague wewe?"

"Kwa sababu napenda kuwasaidia watu—"

"Kila mtu atasema hivyo. Hata mwizi. Sema kitu ambacho mwenzako hawezi kusema."

Aaliyah alifikiri. "Nimemwogesha nyanya yangu kila asubuhi kwa miaka mitatu."

Halimah aliweka karatasi chini. "Hiyo sasa. Anza na hiyo. Na usiinamishe kichwa, hujaiba kitu."

Nyanya huyo ni Bi Sharifa, mama yake Halimah. Waliishi naye kwenye nyumba ya vyumba vitatu mtaani Dallas, hapo hapo Embu, tangu kiharusi kilipompiga upande wa kushoto. Mdomo ulirudi, mguu ukarudi nusu, lakini mkono ulibaki umejikunja kifuani, ngumi imefungwa kama aliyeshika kitu asichotaka kunyang'anywa. Daktari alisema uzoeshwe. Halimah alijaribu siku mbili, mama yake akapiga kelele hadi majirani wakatoka nje. Ni Aaliyah, wakati huo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo cha afya hapo mjini, aliyegundua namna yake: maji ya vuguvugu kwanza, halafu kidole gumba, halafu vingine kimoja kimoja, huku ukizungumza bila kukatiza. Mkono ulifunguka kwake peke yake.

"Wazee wa huko wanaogeshwa na mashine?" Bi Sharifa aliuliza siku moja, akiwa amevikwa taulo.

"La, Nyanya. Na watu."

"Basi wana bahati. Wananichukulia mjukuu." Akacheka kwa upande wake mmoja. "Ila siku yangu ikifika, wewe ndiye utakayeniosha. Huyu mama yako mkono wake ni wa kukata mifupa."

"Nakusikia, Mama," Halimah alisema kutoka jikoni.

"Nasema ndio usikie. Na msinicheleweshe. Majirani wenu hapa wanaweka mtu kwenye friji wiki mbili. Mimi si nyama ya bucha yenu."

Wote watatu walicheka. Bi Sharifa alipenda sana mzaha huo, akaurudia kwa kila mgeni.

Mahojiano yalipangwa kufanyika Meru mjini, Alhamisi saa nne asubuhi, katika ukumbi wa hoteli. Barua ilisema wazi kwamba mzazi sharti awepo, ahojiwe kidogo, na atie sahihi mbele ya jopo. Mwanafunzi asiye na mzazi hataingia. Baba yake Aaliyah alikuwa amefariki tangu mtoto akiwa darasa la pili, kwa hiyo hapakuwa na wa kushauriana naye nani aende. Jumatano asubuhi Aaliyah alimwogesha nyanya yake, akamwambia, "Kesho jioni nitakuwa nimerudi." Mchana wakamwacha mikononi mwa Rahim, mdogo wake Halimah, na mkewe Leylo, wakaenda Meru kulala kwa binamu yao Jamaldin, anayesafirisha miraa kutoka Maua.

Simu ililia alfajiri, Halimah akiwa ndio kwanza amemaliza kuswali. Alipoona jina la Rahim alitoka hadi uani na kuufunga mlango nyuma yake.

"Dada," Rahim alisema, kisha hakuweza kuendelea. Leylo akaichukua simu. Alisema alikwenda kumwamsha Mama kwa swala akamkuta ameshaondoka, usingizini, mwili bado una joto.

Halimah alisoma innalillahi. Alisimama pale uani penye magunia matupu na majani ya migomba ya kufungia miraa. Akili yake, iliyozoea kupanga kabla ya kuhuzunika, ikaanza kupanga. Akimwambia Aaliyah sasa, Aaliyah atavua viatu vya mahojiano na kuingia barabarani. Hakuna nguvu itakayomzuia. Watafika Embu saa tatu, atamwosha nyanya yake kama alivyoahidi, na nafasi itakuwa imekwenda, kwa maana jopo linakuja mara moja kwa mwaka na mwakani Aaliyah atakuwa amekwisha kuhitimu, nao huchukua wanafunzi tu. Asipomwambia, huenda wakayapata yote mawili.

"Mazishi mmepanga saa ngapi?"

"Sheikh anasema Adhuhuri," Rahim alijibu. Alikuwa ameirudisha simu kwake. "Lakini nikimwomba atakubali Alasiri. Mtoke sasa hivi tu."

"Mwombe Alasiri. Tutatoka hapa saa sita. Na Rahim, usimpigie Aaliyah. Mtu yeyote asimpigie."

"Dada, kwani hujamwambia?"

"Nimekwambia usimpigie."

Alirudi ndani, akapiga pasi mtandio wa binti yake. Alipiga pasi pande zote mbili, kitu ambacho hajawahi kufanya. Aaliyah alipoamka, Halimah alimwomba simu yake. "Nikushikie mimi. Sitaki uingie mbele ya watu kichwa kimejaa jumbe za marafiki."

"Nilitaka kuongea na Nyanya kwanza."

"Nyanya yako ana usingizi. Kunywa chai."

Jamaldin aliambiwa kando, kwa sauti ya chini. Aliweka kikombe mezani. "Halimah. Hili neno ni zito."

"Ndiyo maana nimelibeba mimi. Wewe utabeba kutupeleka Embu tukimaliza?"

"Nitawapeleka."

Hotelini walikuta foleni. Wanafunzi walipewa namba mlangoni na Bwana Kiogora, msimamizi wa mahojiano. Aaliyah alipata namba kumi na moja. Jopo lilianza saa nne na nusu badala ya saa nne, kwa kuwa mgeni kutoka Ujerumani alichelewa Nanyuki. Wanafunzi walikaa chumba kimoja, wazazi wakapangiwa viti ukumbini. Karibu na Halimah aliketi mama mmoja mchangamfu kutoka Runyenjes, jina lake Gladys, mkoba umejaa ndizi mbivu za kugawia watu.

"Wako ni namba ngapi?" aliuliza.

"Kumi na moja."

"Wangu Sheila ni kumi na nne. Tutazeeka hapa pamoja. Shika ndizi." Halimah akashika. "Mimi ningefurahi kuwa nyumbani, tuna msiba. Baba mkwe. Leo siku ya kumi na sita yuko mochari."

"Siku kumi na sita?"

"Tunamngoja mtoto wake mkubwa, yuko Amerika, hajapata tiketi. Kamati inakutana kila jioni, inakunywa chai yangu yote. Ninyi Waislamu hamna maneno mengi. Mnazika kama mnafukuzwa!" Akacheka, akampiga Halimah begani kwa upole, kisha akauona uso wake na kuacha kucheka. "Mama, nimekukosea?"

Halimah hakuwa amepanga kumwambia mtu yeyote. "Mama yangu amefariki leo alfajiri," alisema. "Anazikwa leo. Msichana wangu hajui."

Gladys aliweka mkoba chini. Akauliza, "Basi hawawezi kungoja hata kesho?"

"Mwenyewe alikataa kungojeshwa."

"Nikaongee na huyo Kiogora wa mlangoni? Nimweleze, binti yako apitishwe mbele."

"Ukimweleza atampa mtoto pole mbele ya watu wote, na hapo mahojiano yamekwisha. Kaa, Mama Sheila. Asante."

Gladys alikaa. Aliuchukua mkono wa Halimah akauweka kwenye paja lake, akaushikilia kama mtu aliyepewa kitu akitunze. Tangu alfajiri hakuna mwingine aliyekuwa amekumbuka kwamba Halimah naye alikuwa amefiwa na mama.

Saa sita ikapita. Namba saba. Kila mwanafunzi alichukua robo saa, wengine zaidi. Halimah alipiga hesabu tena na tena kama anayejaribu funguo zilezile kwenye mlango uleule. Saa sita na dakika ishirini simu ikatetemeka. Akatoka hadi kwenye maegesho.

"Mmefika wapi?" Rahim aliuliza. "Kaburi liko tayari, na mvua imeshika upande wa mlima. Likijaa maji itakuwa kazi nyingine. Leylo na wale akina mama wawili wa msikitini wamekwisha kumwosha. Kama mmekaribia, tutangoja Alasiri, nitasimama nao mimi mwenyewe. Nipe neno moja tu."

"Hatujaondoka Meru."

"Bado mko Meru?"

"Ameingia namba nane," Halimah aliendelea. "Akitoka Aaliyah itakuwa saa saba na nusu, pengine saa nane. Hatuwezi kuwahi Alasiri."

"Wewe njoo basi. Mwache huyo, atakuja na Jamaldin."

"Bila mimi hawamwingizi."

"Dada, ni Mama yetu."

"Najua ni nani!" Sauti ilimtoka kubwa, askari wa lango akageuka. Akaishusha. "Alisema asicheleweshwe. Mswalieni Adhuhuri. Msitungoje."

Alikata simu kabla Rahim hajajibu. Alinyoosha mtandio wake, akarudi kwenye kiti chake.

Saa saba na dakika kumi ujumbe uliingia: Tumeshamzika. Allah amrehemu. Dakika kumi baadaye mlango ukafunguliwa na Bwana Kiogora akaita namba kumi na moja, mwanafunzi pamoja na mzazi.

Jopo lilikuwa la watu wawili: Kiogora mwenyewe, kijana mwenye tai na heshima nyingi, na mama wa Kijerumani wa makamo mwenye nywele fupi na macho ya kuchoka. Aaliyah alisalimu kwa Kijerumani bila kukwama. Waliuliza lile swali la kwanza kabisa la kwenye karatasi, na Aaliyah, kichwa juu, akaanza na nyanya yake. Alieleza kiharusi, akaeleza mkono. Alizungumza kama mtu anayesimulia alichokifanya jana, na kweli alikifanya jana.

Yule mama wa Kijerumani aliacha kuandika. Alisema kitu, na Kiogora akatafsiri: "Anaomba utuonyeshe. Mama, tafadhali kaa hapa. Wewe utakuwa mgonjwa. Mkono wako wa kushoto umekaza."

Halimah akakaa kwenye kiti katikati ya chumba. Akakunja mkono kifuani, akafunga ngumi. Aaliyah alipiga magoti mbele yake, akajifanya anachovya kitambaa kwenye beseni.

"Nyanya, shikamoo," alisema, kwa sauti ile ya asubuhi ambayo Halimah alizoea kuisikia kupitia ukuta. "Ni mimi. Leo hatuna haraka. Unajua jirani ameanika nguo na mvua inakuja? Nitamwambia. Lete gumba lako. Hilo tu. Mengine tutaona."

Vidole vyake vilikuwa na joto. Halimah alitazama ukutani, kwenye picha ya tembo. Alijua kwamba akitazama chini mara moja tu atasema kila kitu.

"Mama," Aaliyah alinong'ona, akitabasamu, "legeza kidogo. Mbona umekaza kweli?"

Halimah alijaribu kulegeza, mkono ukakataa. Aaliyah akarudi mwanzo, gumba, halafu cha pili, polepole, akizungumza habari za jirani na nguo, hadi kiganja kikawa wazi. Katikati yake palikuwa na alama nne za kucha. Yule mama wa Kijerumani alisema neno moja taratibu, na hakuna aliyelitafsiri.

"Swali la mwisho, na hili ni la mzazi," Kiogora alisema. "Tumewahi kupata wanafunzi wakikatiza mafunzo kwa sababu ya majukumu ya nyumbani. Binti akienda, huyu nyanya atatunzwa na nani?"

Aaliyah aligeuka kumtazama mama yake. Swali hilo lilikuwa limemsumbua wiki zote tatu, na halikuwa kwenye karatasi.

"Hilo limeshapangwa," Halimah alisema.

Kiogora akaandika. Aaliyah akashusha pumzi, akamfinya mama yake bega. Halimah akatia sahihi alipoonyeshwa.

Nje, Aaliyah alitaka kuruka na hakujua kama inaruhusiwa. "Uliona alivyoacha kuandika? Mama, uliona? Nipe simu. Nimpigie Anti Leylo amwekee Nyanya sikioni."

Jamaldin alikuwa amesimama kando ya gari, mlango wazi. Aligeukia upande mwingine.

"Aaliyah," Halimah alisema. Hakujua namna ya kuzunguka neno, hajawahi kujua. "Nyanya yako amefariki."

Tabasamu la binti halikuondoka mara moja. Lilibaki pale, halina kazi. "Sasa hivi?"

"Alfajiri. Usingizini."

"Alfajiri ulikuwa unanipigia pasi."

"Ndiyo."

Aaliyah alitazama saa. Mikono yake ilianza kukusanya mkoba na faili, haraka haraka. "Tukitoka sasa tutawahi. Mwambie Mjomba asubiri, mwambie nimetoka, Jamaldin anajua kukimbiza gari—"

"Wameshamzika. Adhuhuri. Niliwaambia wasitungoje."

Faili lilianguka na vyeti vikatawanyika chini pale maegeshoni. Aliyeviokota ni Gladys, aliyekuwa ametoka nyuma yao. Alivipangusa kimoja kimoja kwa kanga yake na kumkabidhi Jamaldin, maana wale wawili hakuna aliyenyoosha mkono. Aaliyah aliichukua simu yake kutoka kwa mama yake kwa ncha za vidole, akaingia kiti cha nyuma.

Jamaldin, kwa mazoea ya kuwahisha miraa sokoni, aliendesha mbio. Walipopita Nkubu Halimah akamwambia, "Punguza. Hakuna tunakowahi." Akapunguza. Mvua iliwapokea Runyenjes.

Nyumbani kulikuwa na viatu vingi mlangoni. Wanawake waliokaa mkekani walimfungulia Halimah mikono, naye akainama akakumbatiwa na wa kwanza, wa pili, wa tatu. Aaliyah alipita katikati yao hadi kwa Leylo, akachuchumaa mbele yake.

"Anti. Mkono wake wa kushoto mliufanyaje?"

Leylo alitazama mkeka. "Tulijaribu, mwanangu. Ulikuwa umeanza kukaza zaidi. Tuliogopa kumuumiza. Tulimvisha sanda hivyo hivyo."

"Hivyo hivyo, umekunjwa?"

"Umekunjwa."

Aaliyah aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama muuguzi anayepokea taarifa ya zamu. Akauliza maji yalikuwa ya joto kiasi gani, na nani alishika kichwa. Leylo alijibu yote, hakuficha hata moja. Hapo ndipo Aaliyah akaweka kichwa kwenye mapaja ya Leylo na kulia kwa sauti iliyowanyamazisha wasomaji wa Yasini chumba cha pili. Halimah alisimama mlangoni. Alipiga hatua mbili kwenda kwake, akasimama. Kisha akaenda jikoni kuangalia kama maji ya chai yanatosha watu.

Siku zilizofuata Aaliyah hakumkasirikia. Afadhali angekasirika. Alimsalimia shikamoo kila asubuhi, akafua, akapika, akamsaidia bucha Jumamosi. Akiulizwa, alijibu. Ila hakuanzisha maneno. Siku moja Halimah, akipanga maini kwenye sinia, alisema bila kumtazama, "Ningefanya nini? Niambie wewe. Ungekuja na ungepoteza nafasi."

"Pengine ningekuja," Aaliyah alisema. "Pengine ningebaki. Nyanya mwenyewe aliitaka ile safari kuliko sisi sote. Sijui ningefanya nini, Mama. Hukuniuliza."

Mteja aliingia akitaka nusu kilo ya mifupa, na maneno yakaishia hapo.

Jibu kutoka Meru lilikuja baada ya wiki tano. Wanafunzi ishirini na saba walihojiwa, wakachukuliwa wanne, Aaliyah akiwa wa kwanza kwenye orodha. Sheila hakupata, Gladys alipiga simu kuwapongeza hata hivyo, akasema baba mkwe amezikwa juzi. Safari ilikuwa Septemba. Aaliyah alisema atakwenda. Alisema hivyo bila furaha na bila kinyongo, kama mtu anayesema atapita dukani.

Jioni hiyo alimletea mama yake fomu za kukubali, kurasa nne, kalamu juu yake. Halimah alivaa miwani. Husoma kila kitu kabla ya kutia sahihi, ndivyo alivyo. Kwenye ukurasa wa tatu palikuwa na nafasi ya jina la mtu wa nyumbani atakayewasiliana na mwanafunzi iwapo kuna ugonjwa, ajali au kifo katika familia. Aaliyah alikuwa amekwisha kuijaza kwa mwandiko wake mzuri. Jina: Leylo. Uhusiano: mke wa mjomba.

Halimah alisoma mstari huo, akausoma tena. "Hapa kwa kawaida huandikwa mzazi," alisema.

"Najua."

"Leylo hata simu yake haikai na chaji."

"Nitamnunulia nyingine kabla sijaondoka." Aaliyah alisogeza taa karibu ili mama yake aone vizuri. Hakupandisha sauti. "Yeye akipata habari, ataniambia."

Halimah alikaa na kalamu mkononi. Kulikuwa na mambo mengi ya kusema, na yote yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja lililokuwa na faida. Alifungua ukurasa wa nne, akatia sahihi palipoandikwa mzazi, akaweka tarehe. Kisha akauliza kama fomu hizo zinapelekwa Meru kwa mkono au zinapigwa picha tu na kutumwa.

"Zinapigwa picha," Aaliyah alisema, akazikusanya.